Haro yangu ya meno inarukaruka na kujaa mabua: nirekebishe nini?

"Mtaalamu, habari za kazi. Ninalima Maswa, mkoani Simiyu, kwa jozi moja ya maksai. Upande wa juu wa shamba langu ni luseni, yaani udongo wa kichanga, na upande wa chini ni mbuga, yaani udongo wa mfinyanzi. Mwaka jana fundi wa kuchomelea alinitengenezea haro ya meno, ya kuvunja mabonge baada ya kulima. Fremu ni ya mstatili yenye engo (vyuma vya pembe) tatu za upana wa mita moja na robo, na kila engo ina meno kumi ya nondo ya milimita 16, yaliyochomelewa moja kwa moja na kutokeza sentimita 12, kila jino likiwa nyuma ya mwenzake. Naivuta kwa mnyororo wa plau wa mita mbili na nusu. Haro hii inaacha michirizi tu, mabonge yanabaki katikati. Inajaa mabua ya mtama na nyasi kila hatua chache, kisha inapanda juu na kurukaruka. Nikiweka mawe mawili juu yake inazama kidogo, lakini ng'ombe wanachoka mapema mno. Meno sita yamepinda na mawili yamekatika. Jirani ananishauri nirefushe meno na kuongeza uzito. Fundi anasema niiuze, ninunue haro ya sahani. Je, inaweza kuboreshwa au nimepoteza fedha?"

Ndugu msomaji,

Hujapoteza fedha, na nakushauri usiiuze haro hiyo kwa sasa. Ukiacha meno yenyewe, karibu chuma chote ulicholipia kinaweza kutumika tena. Umetaja kero nyingi, lakini ukizifuatilia moja baada ya nyingine utaona kwamba nyingi zinatoka mahali pawili: namna meno yalivyopangwa kwenye fremu, na namna mnyororo unavyoivuta fremu hiyo. Uzito, ambao ndio jirani yako anaushuku, unakuja nyuma sana ya hayo mawili.

Tuanze na kazi ya haro, kwa sababu mashauri mengi potofu yanatokana na kuidai haro kazi ya plau. Haro ya meno haichimbi. Inashughulika na sentimita tano hadi saba za juu: jino linaligonga bonge, linalipasua au linalisukuma pembeni likagongwe na jino linalofuata, kisha linasawazisha uso wa shamba na kung'oa magugu ambayo mizizi yake bado ni uzi mweupe. Bonge likikwepa jino la kwanza na kukuta nafasi tupu, litabaki zima hata kama haro ina uzito wa trekta.

Hapo ndipo haro yako ilipokosewa. Una meno 30, lakini kwa kuwa kila jino liko nyuma ya mwenzake, meno ya engo ya pili na ya tatu yanapita katika mchirizi uleule uliokwisha kukwaruzwa na engo ya kwanza. Udongo unaiona haro ya meno kumi, yenye nafasi ya zaidi ya sentimita 12 kati ya mchirizi na mchirizi. Ng'ombe wako, kwa upande wao, wanavuta chuma cha meno yote 30. Nafasi hiyo ya sentimita 12 ni pana vya kutosha kupitisha bonge kubwa kuliko ngumi bila kuguswa, na bado ni finyu mno kwa bua la mtama, ambalo hujilaza kwenye meno mawili jirani na kuanza kukusanya mengine. Kwa hiyo umepata hasara ya pande zote mbili: meno yako mbali mno kwa mabonge na karibu mno kwa mabua.

Mhandisi wa zana huitatua kero hii kwa kutenganisha vitu viwili ambavyo fundi wako alivichanganya. Nafasi kati ya meno ya engo moja inapaswa kuwa kubwa, sentimita 20 au zaidi, ili takataka zipite. Nafasi kati ya michirizi ardhini inapaswa kuwa ndogo, sentimita tano hivi, ili bonge lisipate pa kujificha. Mambo hayo mawili yanawezekana kwa pamoja ikiwa engo zitakuwa nne na kila moja itasogezwa pembeni kidogo ili meno yake yapite pale ambapo nyingine hazikupita. Wahunzi wa Uingereza katika karne ya 19, wakiwemo wa kiwanda cha Howard cha mjini Bedford, waliuza kwa wingi haro za chuma zenye fremu ya zigizaga kwa sababu hiyohiyo. Umbo lile lililopindapinda lilihakikisha kwamba kila jino lina njia yake. Wewe huhitaji kupinda chuma. Engo zilizonyooka zinatosha, mradi matundu yapimwe vizuri.

Naomba fundi wako afanye hivi. Azikate engo tatu zilizopo zibaki na urefu wa mita moja kamili, aongeze ya nne, na aziweke zikiwa zimeachana sentimita 30 kutoka mbele kwenda nyuma, zikishikiliwa na mabapa matatu ya chuma. Kisha azilaze chini, ashike tepu na chaki, na aanze kupima kutoka ncha ya kushoto ya kila engo. Kwenye engo ya kwanza alama ya kwanza iwe sentimita 2.5, na baada ya hapo aongeze 20 kila mara: 22.5, 42.5, 62.5 na 82.5. Kwenye engo ya pili aanzie 12.5, kwenye ya tatu aanzie 7.5, na kwenye ya nne aanzie 17.5, zote kwa hatua zilezile za sentimita 20. Atapata meno matano kwa kila engo, jumla 20, na ukiziangalia alama zote kwa pamoja zitaigawa mita nzima katika michirizi 20 iliyoachana sentimita tano. Meno yamepungua kwa theluthi moja, na michirizi imeongezeka maradufu kutoka kumi uliyokuwa nayo.

Huenda fundi akauliza kwa nini engo ya pili isianzie 7.5 na ya tatu 12.5, ili kila engo imfuate mwenzake hatua kwa hatua. Asikubali kishawishi hicho. Meno yakifuatana kwa mshazari mmoja, mabonge na nyasi husukumwa upande mmoja tangu engo ya kwanza hadi ya mwisho, na fremu nayo huelekea kujivuta kwenda pembeni. Ukirukaruka mpangilio kama nilivyoandika, msukumo wa kulia na wa kushoto unasawazishana kwa kiasi kikubwa, na haro inanyooka nyuma ya ng'ombe.

Sasa mnyororo, ambao kwa maoni yangu ndio unaoirusha haro yako zaidi ya kitu kingine chochote. Chukulia kwamba ndoano ya nira iko mita 1.1 kutoka ardhini na ndoano ya haro iko sentimita 15. Tofauti ya kimo ni sentimita 95. Kwa mnyororo wa mita mbili na nusu, pembe ya kuvuta inakuwa kali kiasi kwamba katika kila kilo 50 za nguvu inayovuta kwenda mbele, karibu kilo 20 zinavuta kwenda juu. Haro niliyokueleza, ikitengenezwa kwa engo za milimita 50 kwa 50 zenye unene wa milimita tano, itakuwa na uzito wa kilo 38 hivi. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya uzito wake inabebwa na mnyororo, tena upande wa mbele, na meno ya mbele yanabaki yananing'inia. Yakijaa nyasi kidogo tu yanapanda kabisa, mnyororo unalegea, haro inaanguka, na mchezo unaanza upya. Huko ndiko kurukaruka unakokuona.

Refusha mnyororo ufike mita nne na hesabu inabadilika: kwa nguvu ileile ya kilo 50, kinachovuta kwenda juu kinashuka hadi kilo 12 hivi. Umeirudishia haro kilo nane za uzito wake bila kuweka jiwe hata moja. Gharama yake ni kipande cha mnyororo, na kwamba utahitaji nafasi kubwa zaidi ya kugeuzia mwishoni mwa shamba. Nisikufiche pia kwamba ng'ombe wataihisi tofauti hiyo, kwa kuwa haro inayokaa chini inavutika kwa uzito kuliko inayoelea. Lakini nguvu hiyo sasa inaingia kwenye udongo badala ya kupotelea hewani.

Sehemu ya mbele ya fremu, mwambie fundi achomelee bapa lililosimama lenye matundu manne au matano kutoka juu kwenda chini. Matundu hayo ndiyo usukani wako. Ukiona meno ya mbele yanaelea na ya nyuma yanazama, pandisha ndoano tundu moja juu. Ukiona mbele panachimba na nyuma panainuka, ishushe. Kanuni ni ileile ya plau, kwamba ukipandisha ndoano kwenye zana, pua yake inaelekea chini. Bapa hilo lazima liwe katikati kabisa ya upana wa fremu. Yaangalie tena yale meno sita yaliyopinda. Yaliyopinda kwenda nyuma yalizidiwa na kisiki au jiwe, na hilo ni jambo la kawaida. Yaliyopinda kwenda ubavuni yanakwambia kwamba haro ilikuwa ikivutwa kimshazari, ama kwa sababu ndoano haikuwa katikati, ama kwa sababu mmoja wa maksai ana nguvu kuliko mwenzake na kamba za nira hazijarekebishwa.

Kuhusu urefu wa meno, jirani yako amepatia nusu. Jino refu halivunji bonge zaidi, kwa sababu mabonge yako juu, si chini. Lakini jino lako la sentimita 12 likizama sita, zinabaki sita tu kati ya udongo na engo, na hapo hapapiti bua. Meno yatokeze sentimita 20 hivi. Shida ni kwamba jino likirefuka, nguvu inayolipinda pale linaposhikwa na engo nayo inakua, na kwa urefu huo itakuwa karibu mara mbili ya ile iliyokwisha kuzishinda nondo zako za milimita 16. Kwa hiyo usirefushe kwa nondo zilezile. Tumia chuma cha mraba cha milimita 20, kikatwe vipande vya sentimita 25, na kila jino liwekwe kona ikitazama mbele. Kona inapasua bonge na kulitupa pembeni, wakati nondo ya duara hulisukuma bonge mbele yake na mara nyingi hulipanda. Chuma hicho, hata kikiwekwa kwa kona, kinahimili kupinda zaidi ya mara mbili ya nondo ya milimita 16, kwa hiyo kinafidia urefu ulioongezeka, ingawa kisiki kikubwa bado kinaweza kulipinda jino.

Meno hayo yasichomelewe. Jino linapochomelewa moja kwa moja, chuma kilicho kando ya mshono hupashwa moto na kupoa ghafla, kikawa kigumu lakini chepesi kuvunjika, na huenda ndiyo maana meno yako mawili yalikatika, pengine kandokando ya mshono na si katikati ya jino. Sehemu ya juu ya kila jino ikerezwe iwe duara kwa urefu wa sentimita nne, ikatwe hesi ya milimita 16, ipitishwe kwenye tundu la engo, na ikazwe kwa nati na washa ya springi. Bega la jino litaegemea engo kutoka chini. Vipande viwili vidogo vya chuma vichomelewe kwenye engo, kila upande wa jino kimoja, ili lisizunguke. Mfumo huu utakuwezesha kubadilisha jino moja shambani kwa spana, na kona ya mbele ikilika utaligeuza jino ili kona mpya itazame mbele.

Wapo watakaokushauri utumie springi za lori zilizochakaa badala ya chuma cha kawaida. Ni ushauri mzuri ukiwa na mhunzi anayejua moto. Chuma cha springi kina kaboni nyingi, kinadumu sana, na ncha yake inaweza kugumishwa kwa kuipasha hadi iwe nyekundu na kuizamisha sentimita tano za mwisho kwenye oili, kisha kuipasha tena kidogo ili isiwe kama kioo. Sehemu ya juu inayoshikwa na nati iachwe bila kugumishwa. Lakini ukimpa springi fundi ambaye atazichomelea tu kwenye engo kama alivyofanya nondo, zitakatika mapema kuliko nondo zenyewe.

Kuna nyongeza moja ambayo haikugharimu karibu chochote ikiwa fremu inafumuliwa hata hivyo. Engo zichomelewe kwenye mabapa zikiwa zimeinama kidogo, nyuzi 10 hadi 15, ili meno yote yaelekeze ncha upande mmoja badala ya kusimama wima, na uweke ndoano mbele na nyuma ya fremu. Ukivuta kutoka upande ambao ncha zinaelekea, meno yanajichimbia na kuvunja mabonge kwa ukali. Ukigeuza haro na kuvuta kutoka upande wa pili, ncha zinaburutwa nyuma, mabua yanateleza chini yake, na haro inafaa kufukia mbegu na kusawazisha. Katika luseni lenye mabua ya mtama, anza na upande huo mpole. Mpangilio wa michirizi niliokupa haubadiliki ukiigeuza haro, kwa hiyo hutapoteza kitu. Ongeza mpini wa bomba nyuma ili uweze kuinyanyua na kumwaga takataka bila kuinama, na mabapa mawili juu ya fremu ili ukiipindua, meno yakiangalia juu, iteleze kama sleji njiani kutoka nyumbani hadi shambani.

Umeuliza juu ya uzito, na sasa naweza kulijibu swali hilo kwa haki. Haro ya meno ya wastani inahitaji kilo moja na nusu hadi mbili kwa kila jino. Kilo 38 kwa meno 20 ni kilo 1.9 kwa jino, kwa hiyo haro mpya itakuwa na uzito wake kamili bila mzigo. Mawe yako yalikuwa yakifidia kasoro ya mnyororo kwa gharama ya ng'ombe. Ng'ombe wanaofanya kazi ya saa kadhaa huweza kuvuta mfululizo kama asilimia 10 ya uzito wa miili yao. Maksai wawili wa kienyeji wenye kilo 250 hadi 300 kila mmoja watakupa nguvu ya kilo 50 hadi 60. Vitabu vya uhandisi wa kilimo hukadiria kwamba haro ya meno inadai kilo 45 hadi 75 kwa kila mita ya upana, kutegemea udongo. Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya nikate haro yako kutoka mita moja na robo hadi mita moja. Katika luseni jozi yako itaimudu bila taabu, na katika mbuga itakuwa ukingoni mwa uwezo wake, kwa hiyo huko fanya kazi asubuhi, pumzisha mara kwa mara, na usiongeze kitu juu.

Na hasa usimpandishe mtoto. Nimekwisha kuona mara nyingi kijana akiambiwa asimame juu ya haro ili iwe nzito. Fremu ikigonga kisiki anaanguka mbele, na haro inapita juu yake kabla ng'ombe hawajasimama. Kama siku moja utahitaji uzito kwa muda mfupi, funga kiroba cha mchanga cha kilo kumi katikati ya fremu.

Hakuna haro, iwe ya meno au ya sahani, inayoshinda udongo uliokosewa wakati, na sehemu kubwa ya mabonge yako pengine inatoka huko. Mfinyanzi mkavu ni mgumu kama tofali na jino hulirusha bonge tu bila kulipasua. Mfinyanzi uliolowa mno hukandika, na jino linaufinyanga na kuacha vibapa vitakavyokauka vikiwa vigumu zaidi. Kati ya hali hizo mbili kuna siku chache ambazo udongo huvunjika wenyewe ukibanwa mkononi. Chukua udongo kutoka kina unachopiga haro, uviringishe kati ya viganja ufanye uzi mwembamba wa milimita tatu hivi. Uzi huo ukishikamana bila kukatika, subiri. Ukikatikakatika kabla hujafika wembamba huo, fungia ng'ombe nira. Bonge likikataa kabisa kuvunjika kwa vidole, umechelewa, na utalazimika kungoja mvua.

Mbuga yako inastahili uvumilivu wa pekee. Mfinyanzi wake hutanuka ukilowa na kusinyaa ukikauka, jambo unalolijua kwa zile nyufa za kiangazi. Mabonge yaliyogeuzwa na plau yakipata mvua moja kisha jua la siku mbili tatu, hupasuka ndani kwa ndani katika vipande vidogo, na haro ikipita wakati huo hubomoka kwa urahisi wa kushangaza. Mkulima anayepiga haro mara nne siku ileile ya kulima anafanya kwa nguvu za ng'ombe kazi ambayo mvua ingeifanya bure.

Upande wa luseni onyo ni la kinyume. Wakulima wengi huamini kwamba shamba zuri ni lile lililosagwa likawa unga. Udongo wa kichanga uliosagwa hivyo hupigwa na mvua ya kwanza kubwa ukafunga gamba juu, mche wa pamba ukashindwa kutoboa, na maji yakatiririka na udongo wenyewe badala ya kuzama. Piga haro mara moja, au mara mbili kwa kukatisha, kisha uache. Mabonge ya ukubwa wa yai la kuku yaliyotapakaa kati ya mistari hayadhuru mahindi wala pamba. Panapotakiwa udongo laini ni pale mbegu inapolala tu. Kwa kufukia mbegu za mtama zilizorushwa kwenye luseni, tawi kubwa la mti wa miiba likiburutwa na ng'ombe mmoja linafanya kazi karibu sawa na haro ya chuma, na sioni aibu yoyote kulitumia.

Fundi wako amekushauri haro ya sahani, na sitasema kwamba ni zana mbaya. Sahani zinakata mabua badala ya kuyakusanya, zinaingia kwenye ardhi ngumu, na kwa mwenye trekta au jozi mbili za maksai wakubwa katika mbuga ningeipendekeza mimi mwenyewe. Lakini ina uzito mkubwa, ina beringi zinazohitaji grisi na kinga dhidi ya vumbi, sahani zake zikichakaa hazitengenezwi kijijini, na ikipitishwa mara nyingi katika kina kilekile hugandamiza tabaka la chini yake. Kwa jozi moja na shamba ambalo nusu yake ni luseni, ungekuwa umenunua kazi nyingi kwa ng'ombe na faida ndogo kwa udongo. Kama kuna jirani anayeikodisha, ijaribu kwenye mbuga yako kwa msimu mmoja kabla ya kutoa fedha.

Yapo mambo ambayo siwezi kuyatatua kwa maandishi. Ukiona sehemu ya shamba ambako mabonge yanabaki magumu kila mwaka hata baada ya mvua nzuri, maji yanatuama, na uso unabaki na weupe wa chumvi, huenda ni ardhi ambayo kwenu huitwa ibambasi. Hiyo ina tatizo la magadi, na haro haitaisaidia. Mwite afisa ugani wa kata achukue sampuli ipelekwe maabara. Maksai wakiwa na vidonda vya shingo, wakihema kwa ulimi nje baada ya mizunguko michache, au mmoja akichechemea, simamisha kazi na umwone afisa mifugo kabla ya kulaumu zana. Na kama fundi wako hana mashine ya kukereza wala hajawahi kukata hesi, usimlazimishe abahatishe. Ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, inaweza kukuelekeza kwenye karakana yenye vifaa, na CAMARTEC ya Arusha ni taasisi ya serikali ambayo kazi yake ni zana za kilimo za aina hii. Wapelekee vipimo nilivyokupa pamoja na haro yenyewe ikiwezekana, kwa sababu mhandisi akiiona fremu kwa macho anaweza kugundua pindo ambalo hukulitaja.

Ikiwa fedha uliyonayo haitoshi kufanya yote kabla ya mvua, anza na mnyororo wiki hii, kwa haro ilivyo sasa, na uondoe mawe. Kisha ng'oa kila jino la pili kwenye engo zote tatu, ukianzia jino la kwanza kwenye engo ya mbele na la pili kwenye engo ya kati, ili angalau engo hizo mbili zisifuatane katika mchirizi mmoja. Engo ya mwisho ifungue kwenye fremu, isogeze pembeni sentimita sita na uikaze upya. Utabaki na meno 15 yanayochora michirizi 15. Ipeleke hatua hamsini kwenye luseni, simama, rudi nyuma, na upime kwa rula umbali kati ya mchirizi na mchirizi. Ukikuta pengo linalozidi sentimita 14, kuna engo haijasogea sawasawa au fremu inavutwa kimshazari, na hilo lirekebishe kwanza kabla hujamlipa fundi kwa engo ya nne.